Mguu Uliokaa Kimya: Maumivu ya Neva na Ganzi kwa Mwendesha Pikipiki Anayezeeka

Jioni moja, nikivua viatu vifupi ambavyo kwa uvivu nilikuwa nimevivaa badala ya buti, niliona lengelenge lenye ukubwa wa sarafu upande wa ndani wa mguu wa kulia, juu kidogo ya kifundo. Ekzosi ilikuwa imeniunguza mahali fulani katika safari ya saa tatu, nami sikuwa nimehisi lolote. Usiku huohuo, nyayo za miguu hiyohiyo zikaanza kuwaka kiasi kwamba ilinibidi niitoe nje ya shuka, kwa kuwa hata uzito wa kitambaa chepesi ulikuwa kero isiyovumilika. Mguu uliokosa kuhisi chuma cha moto mchana ulikuwa ukilalamikia shuka usiku.

Watu wengi wenye tatizo hili hudhani kwamba wana magonjwa mawili, moja la ganzi na jingine la maumivu, na kwa kuwa maumivu ndiyo yanayowanyima usingizi, hutafuta dawa ya maumivu na kuizoea ganzi. Kwa mtu anayeendesha pikipiki, mpangilio huo wa wasiwasi umegeuzwa juu chini. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na katika jambo hili mshindo wenyewe ni pikipiki ya kilo 200 ikianguka na mwendeshaji wake mwenye miaka sitini na kitu.

Tuanze na namna mguu mmoja unavyoweza kuwa na ganzi na kuuma kwa wakati mmoja. Neva si waya mmoja. Neva inayofika unyayoni ni kifurushi cha maelfu ya nyuzi, na nyuzi hizo hazifanani kwa unene wala kwa kazi. Zilizo nene, ambazo zimevikwa ala ya mafuta iitwayo mailini, hubeba habari za mguso mwepesi, mtetemo na mkao wa viungo, na hupeleka habari hizo kwa kasi ya takriban mita 35 hadi 75 kwa sekunde. Nyembamba hubeba habari za joto, baridi na maumivu, na zile nyembamba kabisa, zisizo na ala yoyote, hutambaa kwa mita 0.5 hadi 2 tu kwa sekunde. Ndiyo maana mtu akijikwaa hujua kwanza kwamba amegonga kitu, kisha baada ya kitambo kidogo ndipo maumivu yenyewe yanapowasili.

Ugonjwa unaweza kuharibu nyuzi za aina moja zaidi ya nyingine, au zote kwa pamoja. Uzi uliojeruhiwa, hata hivyo, hauzimiki ghafla kama taa. Kwa miezi au miaka huendelea kurusha ishara bila kuguswa na chochote, na uti wa mgongo unaozipokea mfululizo huzoea kuzikuza, hata mguso wa shuka ukatafsiriwa kuwa moto. Kwa maneno mengine, ganzi ni habari ya kweli isiyofika, na maumivu ya neva ni habari isiyo ya kweli inayofika. Mwaka 1864, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, daktari Silas Weir Mitchell na wenzake waliandika habari za askari waliopigwa risasi kwenye neva, ambao viungo vyao viliwaka moto muda mrefu baada ya kidonda kupona. Baadhi yao walikuwa wakilowesha kiungo hicho kwa maji kutwa nzima ili kupata nafuu. Kwa hiyo mgonjwa anayesema kwamba nyayo zinawaka ilhali ukizishika ni za baridi, hasemi jambo la ajabu wala hatungi.

Kwa nini tatizo huanzia vidoleni? Jibu limo katika urefu. Kiini cha seli inayohisi kidole gumba cha mguu hakipo mguuni, bali kipo pembeni mwa uti wa mgongo, sehemu ya chini ya kiuno, na uzi wake husafiri takriban mita moja hadi kufika mwisho. Kila kinachohitajika kuutengeneza uzi huo hutengenezwa kwenye kiini na kusafirishwa mpaka ncha, na baadhi ya vijenzi husafiri milimita chache tu kwa siku, yaani safari ya karibu mwaka mzima au zaidi. Sukari nyingi katika damu, upungufu wa vitamini, pombe au sumu yoyote inayovuruga usafirishaji huo huonekana kwanza pale ambapo mzigo una safari ndefu kuliko kote. Ganzi hupanda kutoka vidoleni kuelekea magotini kama soksi inayovutwa polepole, na inapokaribia magoti ndipo ncha za vidole vya mikono nazo huanza, kwa sababu umbali kutoka shingoni hadi vidole vya mikono unakaribiana na umbali kutoka kiunoni hadi magotini. Mwendesha pikipiki anapaswa kuikumbuka picha hiyo, maana siku klachi na breki ya mbele zitakapoanza kufifia mikononi, miguu itakuwa imekwisha kupotea kwa muda mrefu.

Waendeshaji wengi husema kwamba wakiwa barabarani miguu haiumi, na wengine huhitimisha kwamba pikipiki inawatibu. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walipendekeza kwamba ndani ya uti wa mgongo kuna kitu kama lango, ambalo habari za mguso na mtetemo zinazopita kwenye nyuzi nene huweza kulifunga mbele ya habari za maumivu. Maelezo hayo yamerekebishwa mara nyingi tangu wakati huo, lakini wazo lake la msingi limedumu, na ndilo linaloeleza kwa nini mtu husugua mahali alipojigonga. Mtetemo wa injini, upepo, macho yanayosoma barabara, yote hayo huyaweka maumivu kando. Kitandani hakuna kinachoshindana nayo. Nafuu ya barabarani ni ya kweli, ila haina maana kwamba neva imepona hata kidogo.

Ganzi inafanya nini juu ya pikipiki

Dhana iliyozoeleka ni kwamba neva zilizougua huchelewesha mwitikio. Hesabu inaonyesha kwamba ucheleweshaji huo, kwa wenyewe, ni mdogo mno. Neva yenye afya inayopeleka habari kwa mita 50 kwa sekunde hutumia sekunde 0.02 kutoka unyayoni hadi mgongoni. Neva mgonjwa yenye kasi ya mita 35 hutumia karibu sekunde 0.03. Kwa mwendo wa kilomita 90 kwa saa, ambao ni mita 25 kwa sekunde, tofauti hiyo ni sawa na sentimita 20 na kitu za barabara. Hakuna anayepata ajali kwa sababu ya urefu wa kiatu kimoja.

Hatari halisi ni habari kutofika kabisa. Mwendeshaji mzima haangalii pedeli ya breki, kwa kuwa unyayo humwambia kwamba ipo chini ya soli, imebonyea kiasi gani, na gurudumu la nyuma linakaribia kujifunga au la. Unyayo wenye ganzi haumwambii. Mguu huweza kuwa umepumzika juu ya pedeli bila yeye kujua, taa ya breki ikawaka njia nzima na breki ikapata moto. Au huweza kuwa kando ya pedeli wakati anapoihitaji, akabonyeza hewa, kisha akainamisha macho kuutafuta. Sekunde moja ya kuinamisha macho kwa mwendo uleule ni mita 25. Upande wa kushoto, mguu unaopaswa kuingia chini ya fimbo ya gia hubaki umenasa, au hupandisha gia bila mwenyewe kukusudia. (Katika pikipiki nyingi za Uingereza za kabla ya miaka ya 1970 kazi za miguu zilikuwa kinyume, gia kulia na breki kushoto, na mzee aliyejifunzia pikipiki hizo akipata ganzi hugundua kwamba tabia ya zamani inarudi pale ambapo unyayo haumsahihishi.)

Kisha kuna kusimama. Daktari Mjerumani wa karne ya 19, Moritz Romberg, alieleza wagonjwa ambao wakisimama na kufumba macho huanza kuyumba, kwa sababu miguu yao haikuwa ikiwapa habari za mkao na macho ndiyo yaliyokuwa yakiwashikilia. Jaribio linaloitwa kwa jina lake bado linatumika. Mwendeshaji anayesimama usiku, kwenye changarawe au kwenye mteremko asiouona, yumo ndani ya jaribio hilo akiwa amebeba pikipiki. Ikiwa wima, pikipiki nzito haina uzito wa kuutaja. Ikilala kidogo tu, uzito wake huanza kuhamia kwenye mguu mmoja, na mguu huo unatakiwa kujua mara moja kama umekanyaga lami, mchanga au mafuta. Waendeshaji wengi wa umri wangu huangushwa na taa nyekundu na vituo vya mafuta kuliko na kona. Kwa kuwa maanguko hayo hutokea kwa mwendo sifuri, huonwa kama jambo la kuchekesha, mpaka siku nyonga inapovunjika.

Kuhusu kuungua sina mengi ya kuongeza juu ya lengelenge langu, isipokuwa kwamba maji ya nyuzi joto 60 huunguza vibaya ngozi ya mtu mzima kwa takriban sekunde 5, na ekzosi huwa na joto linalozidi hapo kwa mbali. Soli zinazopashwa moto kwa betri, ambazo huuzwa kwa waendeshaji wa maeneo ya baridi, hazifai kabisa kwa mguu usiohisi joto.

Si kila ganzi ni ugonjwa uleule

Hapa ndipo waendeshaji hujidanganya kwa urahisi, maana pikipiki yenyewe husababisha ganzi. Mtetemo wa usukani na wa vikanyagio hufanya vidole vife ganzi kwa muda. Kukamata usukani kwa nguvu hubana neva kwenye kiganja. Kiti kigumu hubana neva za makalioni. Mkanda au suruali ya ngozi inayobana hutia ganzi upande wa nje wa paja. Buti ndefu au kinga ya goti iliyokazwa mno huweza kubana neva inayopita chini kidogo ya goti, upande wa nje, mahali ambapo imekaa juu ya mfupa karibu bila nyama, na matokeo yake ni mguu unaoshindwa kujiinua, ukaburuza vidole wakati wa kutembea. Kipimo cha kwanza ni muda. Ganzi inayotoweka dakika chache baada ya kushuka huenda ni ya mbano au mtetemo. Ile inayokusindikiza hadi kitandani na kukuamsha nayo asubuhi inahitaji daktari.

Mgongo nao huingia hapa. Kwa wazee, njia inayopitisha neva ndani ya pingili za kiuno huweza kuwa nyembamba, na mtu hupata maumivu na ganzi miguuni anaposimama au kutembea, kisha hupata nafuu anapoinama. Mtu wa namna hiyo hushangaa kwamba anaweza kukaa juu ya pikipiki saa mbili akiwa ameegemea mbele, lakini hawezi kutembea dakika kumi. Tofauti hiyo ni habari muhimu kwa daktari na haifai kuachwa nje ya maelezo. Na ganzi ikishika sehemu zinazogusa kiti, ikiambatana na miguu yote miwili kulegea au mkojo kuzuilika au kutoka wenyewe, hiyo ni dharura ya kwenda hospitali saa ileile.

Tukirudi kwenye ganzi ya soksi, kisukari ndicho chanzo kikuu, na takriban nusu ya watu wenye kisukari hupata uharibifu wa neva kadiri miaka inavyokwenda. Baada yake huja orodha ndefu: pombe ya miaka mingi, upungufu wa vitamini B12, figo zilizochoka, tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, VVU, ukoma, baadhi ya dawa za saratani kama vinkristini na sisplatini, na isoniazidi ya kifua kikuu isipoambatana na vitamini B6. Upungufu wa B12 unastahili neno la ziada, kwa sababu mzee mwenye kisukari anayetumia metformini, na pengine dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, yumo katika hatari ya kuupata kutoka pande mbili, na ni miongoni mwa vyanzo vichache ambavyo matibabu yake huweza kurudisha sehemu ya kilichopotea. Vidonge vinavyouzwa kwa jina la vitamini za neva, kwa upande mwingine, vina mtego wake: B6 nyingi ikitumika kwa muda mrefu huharibu neva zilezile inazosemwa kuzilinda. Mtu anayemeza aina tatu za vidonge hivyo kwa pamoja asome lebo zote na kujumlisha.

Daktari hahitaji mashine kubwa ili kuanza. Hugusa unyayo kwa uzi wa nailoni unaopinda ukibanwa kwa nguvu ya gramu 10. Huweka kwenye kidole gumba chuma chenye umbo la uma kinachotetema mara 128 kwa sekunde na kuuliza mtetemo unakoma lini. Hugonga kano iliyo nyuma, juu ya kisigino, aone kama mguu utaruka. Huagiza vipimo vya sukari, B12, figo na tezi. Nyumbani lipo jaribio lililobuniwa Ipswich, Uingereza, ambalo mtu yeyote anaweza kumfanyia mwenzake: mgonjwa hufumba macho, mwenzake akamgusa kwa ncha ya kidole, kwa wepesi sana na kwa sekunde moja au mbili, kwenye kidole cha kwanza, cha tatu na cha tano cha kila mguu. Akikosa kuhisi mara mbili au zaidi kati ya sita, hisia imepungua. Mimi nilikosa nne, na mke wangu alidhani ninamtania.

Dawa, na jambo ambalo mgonjwa halisemi

Paracetamoli na ibuprofeni hazisaidii sana, kwa sababu hakuna kidonda wala uvimbe wa kutuliza. Dawa zinazotumika ni zile zinazotuliza neva zenyewe, nazo ni amitriptilini kwa dozi ndogo za usiku, duloksetini, gabapentini na pregabalini, pamoja na kapsaisini ya kupaka, ile kemikali inayofanya pilipili iwashe. Hakuna kati ya hizo inayorudisha hisia, na mgonjwa anayezimeza akingoja ganzi iondoke atakata tamaa bure. Lengo la kweli ni kupunguza maumivu, mara nyingi kwa theluthi moja hadi nusu, na kurudisha usingizi.

Jambo ambalo wagonjwa wengi hawalisemi chumbani mwa daktari ni kwamba wanaendesha pikipiki, ama kwa aibu, ama kwa kuogopa kukatazwa. Dawa hizi karibu zote huweza kuleta usingizi na kizunguzungu, hasa wiki za mwanzo na kila dozi inapopandishwa. Amitriptilini kwa mzee huweza pia kushusha shinikizo la damu anaposimama na kumfanya azubae asubuhi inayofuata. Daktari asiyejua kwamba mgonjwa wake atapanda pikipiki saa moja asubuhi hawezi kumchagulia dawa wala saa ya kuimeza. Ni busara kuiacha pikipiki kabisa mpaka mwili uizoee dozi mpya. Anayetumia insulini aongeze hapo kwamba neva za ndani zikiathirika, mtetemeko na jasho vinavyotangulia kushuka kwa sukari huweza visitokee, hivyo apime kabla ya kuwasha injini na tena katika kila pumziko.

Kuhusu kudhibiti sukari, matarajio yawe ya haki. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 1993 ulionyesha kwamba udhibiti mkali kwa wenye kisukari cha aina ya kwanza ulipunguza uharibifu wa neva kwa takriban asilimia 60. Kwa aina ya pili, ambayo ndiyo ya wazee wengi, faida kwa neva ni ndogo zaidi. Bado ni faida, na zoezi la kutembea na kufanyia miguu mazoezi ya kusimama imara huongeza yake.

Buti, wakati huohuo, inageuka kuwa kifaa cha tiba. Iwe na nafasi mbele ya vidole, isiwe na mshono unaokwaruza ndani, ifunike kifundo, na kabla ya kila kuvaa iingizwe mkono mpaka ncha. Nimewahi kukuta humo nati niliyokuwa nimeitafuta sakafuni siku mbili, na sikuwa nimekwenda popote bila buti hizo siku hizo mbili. Usiku nyayo ziangaliwe kwa kioo. Mguu unaovimba, ukawa mwekundu na wa moto bila kuuma sana, usidhaniwe kuwa umeteguka tu; mifupa yake huenda inavunjika kimyakimya, na kuutembelea ni kuuharibu moja kwa moja.

Pikipiki nayo hubadilika. Pedeli ya breki huweza kupanuliwa na kuinuliwa. Breki ya nyuma huweza kuhamishiwa kwenye mpini wa mkononi, kama ilivyo kwenye skuta nyingi. Gia huweza kubadilishwa kwa kitufe cha umeme. Breki zisizojifunga na breki zilizounganishwa mbele na nyuma hufidia sehemu ya kile ambacho unyayo hausemi. Kiti cha chini kinachoruhusu nyayo zote mbili kukanyaga kikamilifu kina thamani kuliko nguvu zozote za injini, na skuta isiyo na gia huondoa kazi yote ya mguu wa kushoto. Wapo wanaoona skuta ni kushushwa cheo. Niliwahi kuwa mmoja wao. Katika nchi nyingi pia sheria humtaka mwenye leseni kutoa taarifa za ugonjwa unaoathiri uendeshaji, na bima huweza kukataa kulipa kama hakufanya hivyo.

Hakuna kipimo cha hospitali kinachosema ni siku gani mtu aache. Nimejitungia changu. Kila mwanzo wa mwezi ninaiweka pikipiki juu ya stendi ya katikati, injini ikiwa imezimwa, ninavaa buti, ninakaa, ninafumba macho, na mke wangu akisema "breki" ninabonyeza, mara kumi, huku yeye akiangalia taa ya nyuma. Tumekubaliana kwamba nikikosa mara tatu, ufunguo utakuwa wake. Mwezi uliopita taa haikuwaka mara moja, nami ningeweza kuapa kwamba nilikuwa nimekanyaga.